Lipu ya nje isiyotaka kukauka: dalili na tiba zake msimu wa baridi

Fundi aliyejifunzia kazi Dar es Salaam au Morogoro ana saa yake kichwani. Akitupa lipu saa 3 asubuhi, anajua saa 5 atakuwa anasugua, na chakula cha mchana kitamkuta anaosha mwiko. Mpeleke fundi huyo huyo Njombe mwezi wa Julai, mji ulio juu takriban mita 2,000, ukungu umelala mpaka saa 4 asubuhi na upepo wa kusini-mashariki unasukuma manyunyu. Saa 9 alasiri lipu bado inang'aa maji. Saidia fundi anapiga miayo, mwenye nyumba amesimama na koti lake anauliza kulikoni, na fundi anaanza kutafuta njia ya mkato. Karibu kasoro zote ninazozieleza hapa huzaliwa katika saa hizo za kungoja. Wa Makete, Mufindi na Lushoto wanazijua, na wa Limuru na Kinangop, wanaoiita kazi hii plasta, wanazijua vilevile.

Kuna maneno mawili ambayo saiti tunayachanganya: kushika na kukauka. Saruji hushika kwa kula maji na kugeuka jiwe, na kazi hiyo inataka maji na joto. Kukauka ni maji ya ziada kuondoka, na hilo linataka hewa kavu au tofali lenye kiu. Baridi huchelewesha la kwanza, unyevu wa hewa huchelewesha la pili. Joto likishuka nyuzi 10 hivi, muda wa kushika hukaribia kuwa maradufu. Chini ya nyuzi 10 saruji hujikokota, na ikikaribia sifuri hulala kabisa. Kwa hiyo ukuta unaweza kuwa umeshika bila kukauka. Unaweza pia kuwa umekaushwa na upepo bila kushika, na huu ndio unaotupiga chenga. Ukikutana na dalili yoyote kati ya hizi, anza kwa kuuliza ni lipi kati ya mawili hayo lililochelewa.

Lipu inateleza au inaota kitambi

Hii huonekana dakika chache baada ya kutupa. Lipu inashuka taratibu, inajikusanya chini ya dirisha, au inavimba katikati kama mtu aliyeshiba.

Bandua kipande uangalie mgongo wake. Kama kimetoka chote na ukuta nyuma yake unang'aa maji, tatizo ni ukuta. Umelewa. Matofali ya kuchoma yaliyokaa nje bila kufunikwa tangu masika, au yaliyolala na ukungu usiku kucha, hayana nafasi ya kunywa tone lingine, na lipu hujishikiza kwa kunywewa. Kama kipande kimekatika katikati na kingine kimebaki ukutani, basi umetupa nene kupita kiasi au udongo wako, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, ulikuwa uji. Mkono mmoja, yaani tabaka moja la lipu, usizidi milimita 15. Ukuta ukiwa na bonde, jaza bonde leo, tupa lipu kesho.

Kosa la wengi ni kumwagia ukuta maji kabla ya kuanza kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Pwani ni sawa, tofali linaunguza. Huku, rusha kwanza kiganja kimoja cha maji. Yakinywewa ndani ya dakika moja, lowanisha kidogo. Yakitiririka mpaka chini, weka ndoo pembeni, ngoja jua au upepo ufanye kazi yake, na usianze ukuta ukiwa na utando wa maji. Lipu iliyokwisha kuteleza usiisukume irudi juu. Itakaa, utaisugua, na mwezi ujao itakuwa inalia debe, yaani ikigongwa inatoa sauti ya utupu.

Maji yanarudi juu, uso hauiti mwiko

Lipu imetulia ukutani, umeipiga rula, imenyooka. Unasubiri isuguliwe, na haisuguliki. Ukigusa kwa ubao maji yanapanda juu, mchanga unafuata ubao, mistari inabaki.

Hapo ndipo mkono unapokwenda kwenye mfuko wa saruji. Fundi anachota saruji kavu, anairusha ukutani ili inywe yale maji, kisha anapitisha mwiko wa chuma. Uso unakuwa laini kama kioo na kila mtu anarudi nyumbani kabla ya giza. Tabia hii imetoka kwenye niru ya sakafu, ule uso laini wa saruji tupu, ila sakafu imelala ndani na haipigwi na jua wala mvua kama ukuta wa nje.

Nyumba yangu ya kwanza Njombe niliifanyia hivyo ukuta mzima wa nyuma. Julai hiyo ulipendeza kuliko kuta nyingine zote. Septemba mwenye nyumba alinipigia simu akaniambia ukuta umefanya utando wa buibui. Nilikwenda, nikapitisha kidole, nikakuta nyufa nyembamba za kila upande, na kwenye kona gamba jembamba kama ukoko wa wali limeanza kunyanyuka. Ilikuwa hivi: saruji kavu hujenga ngozi ngumu, yenye saruji nyingi, juu ya lipu ambayo bado ni laini. Ngozi hiyo husinyaa kuliko kilicho chini yake, na kwa kuwa hakuna pa kwenda, hupasuka. Mwiko wa chuma ukipitishwa mara nyingi mapema huleta ugonjwa ule ule hata bila saruji ya kurusha, kwa sababu huvuta saruji na vumbi laini kutoka ndani na kuvileta juu.

Nyufa za namna hii, kama gamba halijabanduka na pakigongwa hapalii, si za hatari. Zisubiri zimalize kusinyaa, paka rangi ya nje yenye mwili mzito. Kama gamba linanyanyuka kwa ukucha, hakuna rangi itakayolishika. Kwangua lote mpaka kwenye lipu yenye mchanga, safisha vumbi, pitisha mkono mwembamba mpya.

Ufanye nini basi saa 9 alasiri na ukuta unang'aa? Kwanza, pima kwa kidole gumba. Kikizama na maji yakajaa kwenye shimo, ondoka. Kikiacha alama ndogo na kidole kikatoka kisafi, chukua ubao wa kusugulia, ubao wa mti, siyo chuma, usugue kwa duara. Ukucha ukigoma kuchora, umechelewa. Acha ulivyo, usiuchoshe kwa maji.

Pili, na hili ndilo lenye faida zaidi, usifike saa 9 na ukuta mbichi. Panga kazi kwa kufuata jua. Mwezi wa Juni na Julai jua letu linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini hauoni jua kutwa nzima, na ndio huo huo unaopigwa na upepo wa manyunyu. Nyumba ikikuletea kesi, nenda kaangalie ukuta wa kusini kwanza. Ukuta wa mashariki anza nao ukungu ukiondoka, wa kaskazini ufuate. Wa kusini, ikiwezekana, uache usubiri Septemba au Oktoba. Mwenye nyumba akikataa, mshauri akubali uso wa rafu kwenye huo mmoja, kwa sababu uso wa rafu hausubiri kusuguliwa. Kwa vyovyote usitupe mkono mpya baada ya saa 8 mchana.

Tatu, angalia unachochanganya. Punguza maji, udongo ukae kwenye mwiko ulioinamishwa bila kuchuruzika. Soma mfuko: saruji ya 42.5 hushika nguvu mapema kuliko ya 32.5, na herufi R baada ya namba ina maana ya nguvu ya mapema, N ni ya kawaida. Saruji yenye pozolana nyingi (kama majivu ya volkano) ni nzuri kwa mambo mengi ila kwenye baridi ni mvivu. Maji ya uvuguvugu husaidia kuliko watu wanavyodhani: chemsha pipa kwa kuni, yawe ya moto unaoweza kuvumilia kwa mkono, yamwagie mchanga kwanza ndipo saruji ifuate. Mchanga ulale chini ya turubai, usiloe usiku. Uwiano wangu ni saruji 1 kwa mchanga 5 mkono wa kwanza, 1 kwa 6 mkono wa kumalizia. Mkono wa juu usiwe mgumu wala mnene kuliko wa chini, baridi au joto. Chokaa naipenda, saruji 1, chokaa 1, mchanga 6 hutoa ukuta usiopasuka ovyo, lakini inataka muda zaidi kupata nguvu na sakitu, yaani barafu ya usiku, huionea. Isubiri miezi ya joto.

Chumvi ya mezani iliyotiwa kwenye maji ili saruji iharakishe, hapana. Inakula nondo na waya, halafu inarudi juu kama magadi. Na jambo dogo linalochekesha mpaka likupate: asubuhi ya baridi kila mtu saiti anakunywa chai. Ndoo ya chai isigeuke ndoo ya kuchanganyia. Sukari gramu 50 tu kwenye mfuko wa kilo 50 inatosha kuichelewesha saruji kwa saa nyingi, na fundi atabaki analaumu Julai.

Asubuhi umekuta uso unabomoka kama biskuti

Jana jioni ulikuwa mzima. Leo ukipitisha ufunguo unachimba, na juu yake unaona michoro kama manyoya au majani ya jimbi. Hiyo ni sakitu. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9, na yakigandia ndani ya lipu changa husukuma mchanga na saruji vikaachana. Makete na pembezoni mwa Kitulo, ambako uwanda uko juu kama mita 2,600, jambo hili si la kubahatisha miezi ya Juni hadi Agosti. Mkulima wa viazi atakuambia usiku gani litatokea.

Usiulize baridi ya mchana, tazama anga ya jioni. Usiku wa mawingu hulinda. Usiku wa nyota tupu na upepo uliotulia ndio wenye kazi, na uso wa ukuta unaweza kuwa baridi kuliko hewa iliyouzunguka. Ninachofuata ni nyuzi 5: kipimajoto kikionyesha 5 na kinashuka, sichanganyi. Kipimajoto cha ukutani ni bei ndogo kuliko mfuko mmoja wa saruji ya kurudia kazi.

Tiba ya sakitu haina ujanja. Chukua msumari, chimba mpaka ufike pagumu. Kwa kawaida ni milimita chache za juu. Kwangua hizo zote, piga brashi, tupa mkono mwembamba siku nzuri. Kama msumari unazama mpaka kwenye tofali, lipu yote ishuke. Usikubali mtu akuuzie maji ya kugandisha uso juu ya kitu kilichokwisha kufa.

Kinga ni turubai. Ning'iniza kutoka kwenye kenchi au mirunda ya jukwaa, liache nafasi ya kiganja kutoka ukutani lisiguse lipu, chini ulibane kwa matofali, juu uzibe ili upepo usiligeuze bomba la baridi. Likae usiku wa kwanza na wa pili. Nimeona watu wanawasha majiko ya mkaa nyuma ya turubai au kwenye baraza iliyozibwa. Acha kabisa. Hewa ya mkaa inaua watu mahali palipofungwa, na hata asipokufa mtu, moshi wake unaifanya lipu changa kuwa na uso wa unga.

Usichanganye sakitu na manyunyu. Ukuta uliopigwa na manyunyu una vishimo, mchanga umefichuka, na michirizi ya saruji imeshuka chini kama machozi. Huo ukisubiri ukashika vizuri, mara nyingi mkono mwembamba wa kumalizia unatosha.

Ukipangusa kwa kiganja, mkono unatoka na vumbi

Wiki mbili zimepita, ukuta haujapasuka, haulii, lakini shati jeusi likiugusa limeharibika.

Angalia kama vumbi liko kila mahali au sehemu sehemu. Sehemu sehemu, hasa zenye alama za duara, ni sponji iliyolowa mno: fundi alikuwa anachovya na kusugua, akaosha saruji kutoka juu. Kila mahali, shuku mchanga. Tia mchanga kwenye chupa nyeupe mpaka nusu, jaza maji, tikisa, acha saa tatu. Tope litakalotulia juu likizidi asilimia 8 hivi ya kimo cha mchanga, mchanga huo ni wa kujazia kifusi.

Ila kuna sababu ya tatu ambayo huku juu ndiyo yenye watu wengi. Baada ya siku mbili tatu za ukungu, huja siku ya jua kali na upepo mkavu. Fundi anafurahi, hatimaye ukuta umekauka. Umekauka, lakini saruji ilikuwa bado njiani kwa sababu ya baridi, na sasa maji yake yamechukuliwa. Haishiki tena. Ndiyo maana lipu ya baridi nayo inahitaji kutunzwa unyevu, kwa muda mrefu kuliko ya pwani, ingawa siyo kwa kumwagia. Usiku wa kwanza usiiguse kwa maji kabisa. Ikishaweza kuhimili, ifunike kwa nailoni, au inyunyizie kidogo saa 5 hadi saa 7 mchana tu, siku 7 mpaka 10. Ukimwagia jioni umeipa sakitu chakula.

Vumbi jepesi lililokuja kwa sababu hii, ukiliwahi ndani ya siku chache, hupungua ukilowanisha ukuta mchana na kuufunika. Likichelewa, brashi ya waya, kisha rangi ya kwanza ya kunywea ukutani ile iliyotengenezwa kwa kuta zenye unga.

Mabaka ya rangi mbili

Hayana shida zaidi ya macho. Ni maungio ya kazi ya jana na ya leo, au sehemu iliyosuguliwa ikiwa mbichi kando ya iliyosuguliwa ikiwa imeshika. Lenta na nguzo za zege nazo hujichora kwa sababu hazinywi kama tofali. Malizia ukuta kwenye kona au kwenye dirisha, usikatie katikati, na usibadili saruji katikati ya ukuta. Rangi itafunika.

Weupe unatoka

Wote tunauita magadi, lakini kuna wa aina mbili. Wa kwanza ni chumvi halisi kutoka kwenye tofali, mchanga au ardhi. Ni wa manyoya manyoya, ukilamba kidole una ladha, na maji yanauyeyusha. Wa pili ni chokaa ya saruji yenyewe. Uso ukikaa na maji muda mrefu, chokaa huyeyuka, hupanda na maji, hukutana na hewa na kugeuka jiwe jeupe jembamba. Huo hupotea ukiulowanisha na hurudi ukikauka, na kitambaa hakiuondoi. Baridi na unyevu ndivyo vinavyoulea, kwa kuwa saruji inachelewa na maji hayaondoki.

Wa kwanza usiuoshe. Ukiuosha umeurudisha ndani na utarudi wiki ijayo. Brashi kavu, kusanya chini, tupa mbali, rudia mpaka uchoke wenyewe. Ukikaa kwenye mita moja ya chini tu na hauishi, acha kulaumu lipu. Tafuta gata inayovuja, maji ya bati yanayoruka kutoka chini, au msingi uliojengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu. Wa pili hufifia na mvua za msimu mmoja au miwili. Mwenye haraka auchukue kwa msasa kabla ya rangi.

Unalia debe

Gonga kwa mpini wa mwiko. Sauti ya "ko" ni nzuri, ya "po" ni pengo. Eneo dogo kuliko kiganja, lisilo na ufa, liache. Kubwa, au la kwenye kona na juu ya mlango ambapo watu wanapita, likate kwa mraba wenye kingo zilizonyooka, usibomoe kwa nyundo ovyo maana utaamsha majirani zake.

Nyuma ya kipande ndiko kuna jibu. Kijani ni ukuta uliokaa misimu miwili ukaota kuvu na lipu ikatupwa juu yake. Uso laini wa zege unaoteleza ni mafuta ya mbao za lenta. Ukikuta vinundu vya lipu ya kurushia, ile rafu ya kwanza inayorushwa ukutani ili lipu ipate pa kushika, vimetoka pamoja na kipande, basi haikupewa muda. Pwani tunairusha jioni tunatupa lipu kesho yake. Huku ipe siku 3 au 4, ikwaruze kwa msumari, isipobomoka ndipo uendelee.

Rangi inavimba

Simu hii huja Oktoba. Rangi imefanya malengelenge, ukitoboa yanatoka maji. Mwenye nyumba anamlaumu mpaka rangi, mpaka rangi anamlaumu fundi wa lipu, na kalenda inawacheka wote: lipu ya Julai ilipakwa rangi Agosti mwanzoni. Wiki 4 ni kwa hali ya hewa nzuri. Kwenye ukungu weka 6 au 8, na rangi ya mafuta usiipeleke kabisa kwenye lipu changa, kwani ukali wa saruji huigeuza kitu kama sabuni.

Usihesabu siku peke yake. Kata nailoni angavu ya kama nusu mita kila upande, ibandike kwa gundi ya utepe pande zote nne, iache tangu jioni mpaka asubuhi. Ifanye kwenye ukuta wa kusini, chini karibu na kitako, siyo kule mbele kwenye jua ambako kila kitu ni kikavu. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, au lipu chini yake imegeuka nyeusi kuliko jirani yake, mwambie mpaka rangi arudi baada ya wiki mbili na nailoni yake.